Mapazia ya Nyumba ya Phyllis

Nina wivu, na sifichi. Phyllis, nesi ninayeishi naye chumba kimoja hapa ughaibuni, mtaa wa Al Mansoura, amenunua nyumba ya mawe kule kwetu Limuru, iliyojengwa na Mzungu wa reli enzi za Malkia Viktoria. Mimi je? Nina kitanda na nusu ya kabati.

Aliipata ikiwa gofu, popo wamejaa darini. Ameikarabati kwa simu, fundi akimzungushia kamera kila pembe. Mgala muue na haki umpe: sakafu ya mbao inang'aa, na meko ya sebuleni yanawaka tena. Lakini mapambo yake, jamani! Taa za dhahabu za soko la Souq Waqif, zulia jekundu la majlisi, kama sebule ya Mwarabu, na kila kiti kimevalishwa kitambaa cha krosheti. Hata televisheni ina chake! "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," namwambia. "Mbona yako inatembezwa kwa simu kila jioni?" Yeye hucheka tu.

Ameapa nyumba ikikamilika atarudi kwa binti yake, Kendi. Na mimi nibaki na nani? Yeye aende akaote moto Limuru, mimi niletewe mgeni wa kunikoromea hapa? Sasa, kwa kuwa ninatandika vyumba vya hoteli kubwa, Phyllis huniamini kwa mambo ya nyumba. Nikamwambia rangi ya sebule imepooza, akaagiza ipakwe upya. Nikamwambia ngazi haioani na milango, akaahirisha safari. Roho yangu ikatulia.

Ijumaa iliyopita yalibaki mapazia tu. Phyllis alipiga simu ya video nyumbani, akanipa niyakague, akaingia kuoga. Kendi alikuwa amesimama dirishani, ameyashika: ya kijani, mazito, yenye vishada chini. Yalikuwa mazuri hadi nikayaonea kijicho. Nikafungua mdomo niseme ni marefu mno.

"Anti Gakii," mtoto akanong'ona, "tafadhali sema ni mazuri. Kila ukisema kitu ni kibaya, mama haji."

Kumbe alishanijua kitambo.

Phyllis akatoka bafuni, taulo kichwani. "Ehe, unasemaje, mama hoteli?"

"Ni mazuri," nikasema, na iliniuma kusema. "Kata tiketi."