Manila Yenye Mishale

Ukisoma saikolojia na ualimu kwa pamoja, mtaani kwetu Manundu, pale Korogwe, unakuwa mtu wa kutaniwa. Jirani anakusimamisha na ndoo yake ya maji kichwani: "Hebu nisome, mwanangu, nawaza nini sasa hivi?" Unamwambia saikolojia si ramli. Anacheka, anauliza basi miaka yote hiyo chuoni mnafundishwa nini. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nanyamaza, maana kuna jambo moja nilifundishwa vizuri kabisa, nikaliandika daftarini na kulipigia mstari, halafu nikalikanyaga kwa miguu yangu miwili.

Shahada yetu ni kama mbili ndani ya moja. Huku unajifunza akili ya mtoto inavyokua na inavyoumia, huku unajifunza kusimama mbele ya darasa na chaki. Kisha unapelekwa shule ya sekondari kwa mazoezi ya kufundisha, na msimamizi anatoka chuoni kuja kukukagua na kukupa alama. Mimi nilipangiwa shule moja ya kata huko Handeni, baiolojia kidato cha pili. Nilifurahi sana. Handeni na Korogwe ni pua na mdomo, nikajua nguo zangu nitafulia nyumbani kwa mama.

Katika darasa lile alikuwepo msichana mmoja mrefu, amewazidi wenzake umri kidogo. Wazazi wake ni wafugaji wa huko nyikani, yeye akiishi kwa mjomba wake karibu na shule ili asome. Nikidondosha chaki, ameshaiokota. Ubao anafuta yeye, hata zamu isipokuwa yake. Alimsalimia kila mtu na kucheka kila utani, hata ule wa kumcheka yeye na Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kimasai. Alikuwa na hakika kwamba darasa zima ni rafiki zake.

Sasa, katika saikolojia kuna zoezi ambalo kila mwanafunzi anaandika majina matatu ya wenzake ambao angependa kukaa nao. Mwalimu anakusanya vikaratasi, anachora duara kwa kila mtoto, halafu anachora mishale kutoka kwa aliyechagua kwenda kwa aliyechaguliwa. Mwishowe unaona nani anapendwa na wengi na nani hakuchaguliwa na mtu, ili huyo wa mwisho umkalishe karibu na wenye roho nzuri, kimyakimya, bila yeye kujua. Mhadhiri wetu alisisitiza: mchoro ni wa macho ya mwalimu peke yake, weka namba badala ya majina, ufungie kwenye droo. Hilo ndilo nililolipigia mstari. Kwa hiyo asije mtu kunitetea kwamba sikujua.

Lakini msimamizi alikuwa anakuja Alhamisi, na zana za kufundishia zina alama zake. Nikawagawia wanafunzi vikaratasi, wakaandika, nikanunua karatasi kubwa ya manila na maka peni za rangi nne. Nilipoweka namba, mchoro ulipooza, ukawa kama hesabu za mtu mwingine. Nikaandika majina. Ukapendeza, wallahi. Nikaubandika ukuta wa nyuma, pale msimamizi atakapokaa, nikijiambia kwamba wanafunzi watakuwa wanatazama mbele. Mtu anayesomea akili za watoto, nikaamini darasa zima litakaa na karatasi yenye majina yao mgongoni na lisigeuke.

Waligeuka hata kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni. Wakajazana kule nyuma, kila mmoja anatafuta jina lake. "Wewe unayo saba!" "Mimi mitano!" Yule msichana naye alikuwepo, kidole kinatembea juu ya karatasi, kikianzia katikati, kwenye majina yenye mishale mingi. Alijitafuta hapo kwanza. Kidole kikasogea, kikasogea, kikafika pembeni kabisa. Duara lake lilikuwa limetoa mishale mitatu kwenda kwa wasichana watatu, na hakuna hata mmoja uliorudi. Mtu akacheka. Mmoja wa wale watatu akatazama dirishani.

Hakulia. Alirudi kwenye dawati lake akafungua daftari. Nilimwona, na nilielewa kila kitu papo hapo, maana hilo nalo nimelisomea. Manila yangu ndiyo iliyomwambia habari ambayo alikuwa hajui. Lakini msimamizi alishafika mlangoni. Nikasema moyoni, nitaongea naye baadaye, nikaanza kufundisha mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Msimamizi alisimama mbele ya ule mchoro muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Baadaye ofisini tulikunywa soda na akaniambia katika wote aliowakagua mimi ndiye niliyeonyesha saikolojia kwa vitendo. Majina hayakumshtua, na mimi sikumshtua. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Yule mtoto nilikuwa nimemsahau.

Kesho yake hakuja, wala Jumatatu. Mjomba wake akaleta habari kwamba amerudi kwa wazazi na amesema hasomi tena. Mwalimu wa nidhamu akaguna: "Hawa ndivyo walivyo, ng'ombe wakihama nao wanahama." Nilikuwa nimekaa meza ya pili, nasahihisha madaftari. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema. Nikaacha lawama iende kwa ng'ombe.

Wiki ya pili mkuu wa shule akaniita. "Wewe si unasoma saikolojia? Nenda ukaongee naye." Bodaboda ikanipeleka mbali, vumbi tupu, mpaka kwenye boma lao. Njiani nilipanga maneno. Ningemwomba msamaha mbele ya baba yake, nieleze kosa langu lote, kisha nimwombe arudi. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana yale maneno.

Baba yake alitoka mwenyewe kunipokea, mzee mrefu, fimbo mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Akaniwekea kigoda, akakaa na yeye, akanitazama. "Mwalimu hawezi kutoka huko mpaka huku bure," alisema. "Mtoto amekukosea nini?"

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo. Yule mzee alikuwa ameinama kidogo mbele, anaona aibu kwa niaba ya binti yake, na heshima aliyonipa ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilishindwa kuivua. Nikasema, "Si kosa kubwa, mzee." Huo ndio uongo wangu. Maneno manne, na nusu yake ni adabu.

Akamwita binti kwa Kimasai, kwa sauti ya ukali. Alitoka amejifunga shuka, mikono ina maziwa. Baba akamwambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie, kwamba amwombe mwalimu msamaha. Msichana alinitazama. Alijua nani amemkosea nani, na alijua kwamba mimi najua. Angesema sentensi moja tu, na baba yake angeniona jinsi nilivyo. Nilingoja aiseme. Labda nilikuwa natamani aiseme.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. Akainamisha kichwa mbele yangu, kama watoto wao wanavyowaamkia wakubwa. Nikaweka kiganja changu juu ya nywele zake. Nikasema nimemsamehe.

Jumatatu alirudi shule. Nilishaing'oa ile manila, lakini ilikuwa kazi bure. Kila mtu alishasoma. Alikaa dawati la mwisho, peke yake. Chaki iliyoanguka niliiokota mwenyewe. Nilikuwa na siku tisa za kufundisha kabla ya kuondoka, na kila asubuhi nilisema leo nitamwita tuongee, na kila mchana nikapata sababu. Wahenga husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Si kila mara. Mimi nilichimba, akaingia mwanafunzi wangu, na akanisitiri akiwa humohumo ndani.

Siku ya kuondoka baba yake alifika shuleni na galoni la maziwa ya mgando, shukrani kwa mwalimu aliyefuata mtoto mpaka nyumbani. Nililipakata kwenye basi mpaka Korogwe. Mama alimimina kwenye vikombe, akaonja, akafumba macho kwa utamu wake. Akaita majirani waje waonje, akawaambia haya ni maziwa ya wazazi wa Handeni, wamempenda mwanangu. Kisha akanigeukia, uso umejaa fahari.

"Umewafanyia nini hao watu, mpaka wakushukuru hivi?"

Nikamjibu kwamba nimemrudisha mtoto wao shule.