Chokaa ya Beldina na Jiwe la Kabwe

Juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwa Mzee Philip Makhanu pale Ekero, jiwe moja limekaa miaka arobaini, likipanguswa kila Jumamosi. Alilileta kutoka Kabwe, nchini Zambia, alikotunza sampuli za miamba mgodini katika ujana wake. Ni jiwe la kijivu liitwalo dolomaiti, na katikati yake umepita mkanda wa madini ya risasi, unaong'aa kama kisu kipya. Kila anayekunywa chai nyumbani humo husimuliwa habari zake, na mkewe Nekesa anazijua hadi mahali pa kukohoa.

Mwaka huu, mvua za Machi zikinukia, hadithi ile ilimrudia mwenyewe. Chama cha akina mama wakulima kilikuwa kimepokea magunia ya chokaa ya kutibu udongo uliochachuka, na mzee ndiye aliyewashauri waiagize. Lakini Beldina, jirani yake na mwenyekiti wa chama, alisoma maandishi ya gunia, akafunika shehena yote kwa turubai, akaja uani bila kuvua viatu vyake vya gambuti.

"Mzee, umetuletea sumu!"

"Sumu gani, mama?"

"Gunia limeandikwa dolomaiti. Si wewe unatuambianga risasi na zinki zinakaa ndani ya dolomaiti? Sasa niimwage shambani, wajukuu wangu wale mahindi yake?"

Nekesa alicheka kutoka jikoni. "Nilikuambia umalizenga hadithi zako. Wewe unaishia pale panapong'aa tu!"

Maneno hayo yalimchoma mzee kwa kuwa yalikuwa kweli. Mvua ikitangulia, chokaa isingechanganywa na udongo kabla ya kupanda. Akina mama wangepoteza msimu, naye angepoteza imani yao. Akaweka kikombe chini, akaanza mwanzo kabisa.

"Zamani mno palikuwa na bahari, na chini yake likajengeka jiwe la chokaa. Baadaye maji ya chumvi yakapenya, yakaondoa sehemu ya kalsiamu, yakaweka magnesiamu mahali pake. Hiyo ndiyo dolomaiti. Mara nyingi jiwe hilo jipya hubaki na matundu na nyufa, kama nyumba yenye vyumba vingi. Pengine, baada ya miaka mamilioni, maji mengine ya moto hupita yakiwa yamebeba risasi na zinki. Yakikuta vyumba, na humo yakikutana na salfa, hutua mzigo wao."

"Na yasipopita?"

"Nyumba hubaki tupu. Nyingi ni tupu, mama. Mimi nilifanya kazi palipofika wageni, nikasahau kuzitaja zile nyingine."

Beldina hakuyumba. Alizaliwa karibu na mgodi wa zamani wa Rosterman, katika ukoo wa waosha dhahabu, na aliamini karai la kuoshea mchanga kuliko maneno. Mzee akaingia ndani, akateremsha jiwe lake, akalivunja pembe kwa nyundo na kuiponda.

Beldina aliosha pembe ile iliyopondwa, akizungusha karai kama mama yake alivyomfundisha. Mkia wa chembe nzito, nyeusi, zenye kung'aa, ukabaki chini. Kisha akaosha kikombe cha chokaa katika karai jingine. Maji meupe yakamwagika, na chini hapakubaki kitu cha kung'aa.

"Haya, nimeona," akasema.

"Hujaona yote," mzee akajibu. "Karai halikamati vumbi laini. Tuwadai wauzaji karatasi ya maabara. Na sasa nawa mikono kwa sabuni. Maji ya karai la kwanza yana risasi, tutayafungia kwenye mtungi."

Karatasi ilifika siku ya tatu. Beldina aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea: risasi ilikuwa chini kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Jioni hiyo turubai likaondolewa, na mvua ilipoanguka Alhamisi ilikuta mashamba yamekwisha kuwa meupe kwa chokaa, na majembe yameichanganya na udongo.

Jumapili iliyofuata walikuja wageni kutoka Lumakanda. Mzee alipoelekeza kidole kabatini, Beldina, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, akamkatiza.

"Anza na zile nyumba tupu!"

Akaanza nazo. Nekesa alikuwa amekwisha kuligeuza jiwe, upande uliovunjika ukiwatazama wageni.