Mgonjwa Asiyejikuna

Usiku ule nililala na hasira zangu. Mchana daktari wa wodi alikuwa amenikatiza mbele ya wauguzi: "Upele gani usiowasha? Tabibu, acha ubishi. Hii ni pumu ya ngozi. Endeleeni na mafuta yale yale, kesho aende kwao." Na mafuta yale yalikuwa yanammaliza mgonjwa wangu, Rehema. Kinga yake ya mwili ilikuwa imeshuka mno, magamba yamemfunika mpaka kwenye kucha. Kwenda kwao kulikuwa kwenda kufa.

Usingizi ukanichukua. Nikajikuta darasani, na Mwalimu Tabitha, aliyenifundisha magonjwa ya ngozi na ambaye tulikwisha kumzika, anafuta ubao kwa kiganja kama zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kulia au kufanya kazi?"

Hata kufa hakujampunguzia ukali. Nageuka nimjibu, darasa limekuwa wodi. Mwalimu amekaa kitandani kwa Rehema, ameushika ule mkono ambao watu hawataki hata kuusalimia, na Rehema anatabasamu.

"Hajikuni," nasema. "Ndiyo maana hawaniamini."

"Mwili uliochoka hauna nguvu ya kulalamika. Wanaomuuguza je?"

Sasa tuko uani, kwenye kamba za shuka, jua kali. Mama yake Rehema anajikuna kiuno. Muuguzi anajikuna viwiko. Daktari, na koti lake jeupe, anajisugua mgongo kwenye mwimo wa mlango kama mbuzi, na akiniona anajifanya ameegemea tu. Nacheka kwa sauti, roho inaniuma.

Mwalimu ananiwekea kiganjani gamba la ngozi na kioo cha darubini, kile cha kuwekea kipimo. "Kwangua, waoneshe wadudu wa upele. Kisha watibu wote siku moja, na shuka zichemshwe. Daktari naye umpake."

"Na wakinifukuza?"

"Wakufukuze Rehema akiwa mzima."

Niliamka kumekucha, nimekaa kitandani, najikuna katikati ya vidole. Nikasogea dirishani kutazama. Vipele vilikuwepo, vidogo, vyekundu, na kwa kweli nilifurahi.

Nilioga, nikavaa, nikatia kioo cha darubini mfukoni. Nilikuwa nimekwisha kuamua: nitakwangua ngozi ya Rehema, kisha ya mkono wangu, mbele ya wodi nzima. Halafu nitamwomba daktari, kwa heshima zote, avue koti.