Nusu ya Chini ya Ukuta

Nasri amechora mabango ya maduka ya Isevya kwa miaka ishirini, na hasira zake zinajulikana mtaani kuliko hata maandishi yake. Wiki moja shule ya chekechea ilimpa kazi ya kupamba chumba cha watoto cha kuchezea. Siku mbili alifanya kazi akiwa amekaa sakafuni, maana anayemchorea mtoto sharti achore usawa wa macho yake. Akachora mizinga ya nyuki ikining'inia mitini, na baiskeli iliyobeba madumu ya asali kutoka Sikonge.

Siku ya tatu akakuta nusu yote ya chini ya ukuta, michoro yake ikiwamo, imepakwa rangi ya mafuta, kahawia ileile ya vyoo vya stendi.

"Chini panachafuka," alisema Mwalimu Recheli, mwenye shule. "Shule zote wanapaka hivyo. Wewe chora juu, wazazi waone wakiwa mlangoni."

"Kwani hiki ni chumba cha wazazi?"

"Nasri, usinipandishe presha."

"Hebu kaa hapa chini, Mwalimu, halafu uniambie unaona nini."

Mwalimu akaitazama sketi yake. Hakukaa.

Nasri akachora juu alichoagizwa, twiga anayecheka, huku akiubamiza ukuta kwa brashi kana kwamba umemtukana. Kila kazi yake huitia jina lake, lakini twiga yule hakumtilia. Alipiga magoti, akaliandika kwa herufi nyeupe kwenye ile kahawia, palepale ilipofukiwa mizinga yake. Watu wazima hawainami huko.