Paka Aliyeniuma Kwenye Foleni ya Chanjo

Mbwa mwenye kichaa alitokea upande wa Burat, akamuuma mwanamke mmoja kabla askari hawajamuua mbwa huyo kwa risasi. Wiki kadhaa baadaye mwanamke yule alifariki. Tulisikia kwamba alikuwa akiogopa maji, basi kila nilipopewa kikombe cha maji nilijichunguza kwanza kama nami nayaogopa.

Ndipo watu wa mifugo wakatangaza mbwa na paka wote wapelekwe kuchanjwa. Paka wetu wa kijivu alilinda mahindi ya mama dukani. Mama alimtia kwenye gunia, akanipa nimbebe. Tukiwa kwenye foleni mbwa walibweka, paka akapagawa, akalipasua gunia na kuniuma mkono.

Watu walirudi nyuma. Jirani aliyezoea kunipa mandazi alimvuta mwanawe mbali nami.

"Mama, huyu paka amewahi kuumwa na mbwa?" daktari wa mifugo aliuliza.

"Sijui, daktari. Huzurura."

"Auawe!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Hapana. Mfungieni siku kumi tumwangalie, chanjo yake baadaye. Mtoto aoshwe kwa sabuni sasa hivi, kisha hospitali leo leo."

Hospitalini nilianza kudungwa tumboni sindano za kichaa cha mbwa. Mama alinishika mabega akisoma dua.

Paka tulimfungia kwenye banda la kuku. Kila asubuhi nilichungulia kwenye waya nikitafuta povu mdomoni mwake. Asubuhi moja nilikuta hajagusa maziwa. Alikuwa amejikunja pembeni, na nilipomwita alinguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nilipiga kelele. Mama alikuja na jembe, akasimama mlangoni akipumua kwa nguvu, akainama aone vizuri.

"Subhanallah," alisema. "Amezaa."

Hata hivyo hakumfungulia mpaka siku kumi zilipotimia na daktari alipokuja kumwona, akasema ni mzima, akamchanja pale pale bandani. Hospitalini wakazisitisha sindano zangu.

Watoto wa paka walipokua vya kutosha, mama aliwapeleka kuchanjwa ndani ya kikapu chenye kifuniko, akakifunga kwa kamba. Nilimfuata kwa mbali. Daktari alipomwinua wa kwanza na kuchukua sindano, nililishika tumbo langu, nikageuka nikakimbia nyumbani.