Jumatatu Iliyotufungia Daraja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Jumatatu ambayo nikiifikiria hata chai hainishuki.

Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia kwa ng'ombe, serikali ikakataza kuwasafirisha. Tangazo likabandikwa kila mahali, kuanzia kwetu Kiptere: "Marufuku hii itakwisha Jumatatu." Basi! Jumatatu hiyo ndiyo tuliyoahidi kupeleka ng'ombe wa mahari ya kaka yangu, upande wa Kaplong. Tulikuwa tumeshaahirisha, na baba wa msichana alisema hatangoja tena.

Tukatoka mimi, kaka, na baba mdogo, Mzee Tonui. Kizuizi cha kwanza, askari akatuambia, "Piteni, marufuku imekwisha leo." Kufika darajani, mwenzake akanyoosha rungu.

"Inakwisha leo. Na leo bado haijaisha."

Tangazo lile lile, mhuri ule ule! Nami kijana, damu ikanichemka. "Afande, kwani hujui kusoma? Jumatatu ni Jumatatu!"

Akaamuru ng'ombe wafungwe mitini mpaka kesho. Mzee Tonui akanivuta kando. "Funga mdomo. Kusoma anajua. Wewe umesoma ukiwa na ng'ombe, yeye amesoma akiwa na rungu. Mlaumu aliyeandika."

Akampigia simu baba wa msichana. Yule baba akaja amefura. Akalisoma tangazo, akalirudia, akasonya. "Hata mimi sielewi," akasema, akaketi nasi. Asubuhi tukavuka naye, na harusi ikaokoka. Lakini mama mmoja nyuma yetu alikuwa akimpeleka ndama aliyevunjika mguu kwa daktari wa mifugo. Alirudishwa, ndama akafia njiani. Atamdai nani, Jumatatu? Wanapovutana wakubwa kwa maneno, huumia mnyonge.

Sasa wenzako wa chama cha wakulima wa majani chai wamekuchagua uwaandikie sheria. Tafadhali, mwanangu, tafadhali! Usiniandikie "itakwisha Jumatatu." Andika: "Jumatatu yote bado ni marufuku, Jumanne asubuhi ni ruhusa." Wino hautaisha. Kisha mpe aisome anayetaka kupita, na anayetaka kuzuia. Kila mmoja akielewa lake, chana, anza upya. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kudhani kila mtu anaona unachokiona.

Nenda. Mungu akupe neno lililonyooka, na maziwa yasikauke nyumbani kwako.