Mstari wa Kijani Usio na Mapengo

Mayai mia nne na kumi yalikufa ndani ya mashine ambayo, kwa grafu niliyoichora kwa mkono wangu, haikupoa hata siku moja.

Grafu yenyewe ilikuwa nzuri. Mstari wa kijani, umenyooka kama umepigwa pasi. Wateja waliusifu.

Ulikuwa uongo mtupu.

Nijitambulishe haraka tuendelee. Mimi ni mtu wa sauti ndogo. Nimesoma takwimu na kompyuta miaka mitatu, na sidhani kama kuna mhadhiri aliyewahi kusikia nikiuliza swali. Kazi yangu ya kwanza niliipata kwenye kampuni ya kutotolesha vifaranga. Unaleta mayai yako, tunayaweka kwenye mashine siku ishirini na moja, unarudi kuchukua vifaranga.

Meneja akataka kitu cha kuwatambia washindani. Ukurasa kwenye tovuti yetu, mteja afungue simu yake aone joto la mashine lilivyokwenda wiki nzima.

Namba zilikuwepo. Ndani ya mashine kuna kipimajoto kidogo kinachotuma kipimo kila baada ya dakika tano. Kazi yangu ilikuwa kuvichukua vipimo, kuvipanga kwa saa, kuvisafisha, kisha kuvitoa kama mstari.

Hilo neno kuvisafisha likae kichwani mwako. Tutalirudia.

Sasa meneja.

Tulimwita Kilomita, kwa siri. Alikuwa ameanza kupunguza mwili, na hilo si kosa. Kosa ni kwamba alitupunguza na sisi. Alinunua mashine ya kukimbilia, akaiweka stoo, nyuma ya chumba cha mayai, "nisiwasumbue." Kila siku ya kazi, mchana, skrinshoti inaingia kwenye grupu la ofisi. Kilomita nne. Dakika hamsini na mbili. Saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Chini yake maneno: "Nidhamu. Wengine mnakula tu."

Mhasibu alikuwa wa kwanza kujibu kwa vikatuni vya misuli. Vitatu, kila siku, hata siku aliyokuwa anaumwa.

Mimi nilikuwa nakula tu.

Siku niliyomwonyesha grafu ya kwanza, aliinama kwenye skrini yangu akinuka manukato ya kutosha ukumbi mzima.

"Mbona mstari wako una mapengo kama mtoto anayeng'oka meno?"

"Hapo hakuna vipimo, bosi. Kifaa hakikutuma kitu."

"Kwa hiyo mteja aone mapengo?"

"Aone kwamba... hapo hatujui."

Akageukia ofisi nzima. "Jamani, chuo kimetuletea binti wa kuwatangazia wateja kwamba hatujui."

Mhasibu akacheka hadi akashika meza. Sijui alikuwa anashikilia meza au kazi.

"Unganisha," meneja akaniambia. "Nukta ya huku na nukta ya huku, piga mstari katikati. Na hivi vinamba vya thelathini na moja, thelathini na mbili, vinavyokuja kila baada ya pengo, hivyo ni takataka za kifaa. Mashine inatakiwa thelathini na saba. Futa."

Niliunganisha. Nikafuta.

Ilinichukua dakika kumi kuiamuru kompyuta ifanye hivyo yenyewe kila siku. Mapengo yakazibwa, zile namba za baridi zikaondoka, mstari ukanyooka. Nilimdharau njia nzima ya kurudi nyumbani. Huo ndio ulikuwa ushujaa wangu wakati ule: kumdharau mtu moyoni huku nafanya alichosema.

Mtu wa tatu wa kumjua ni Mama Joto.

Huyu ndiye aliyekuwa anaangalia mashine, miaka kumi na moja. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa na desturi yake. Anachukua yai, anafumba jicho, anaweka yai juu ya kope. Anasubiri kidogo. Halafu anakwambia kama liko sawa.

"Kiganja kinadanganya," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Kiganja kimeshika chai, kimeshika ufagio. Kope haijashika kitu."

Akaniwekea yai kwenye kope. Lilikuwa la uvuguvugu, na ndani kitu kikasogea. Nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi. Hakuniuliza vumbi gani.

Zamani alishinda na mashine siku nzima. Kilomita alipokuja akabadilisha ratiba. Kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana, Mama Joto akahudumie wateja kaunta ya mbele. "Mashine inajiendesha, mama. Hii siyo jiko la kuni." Kengele ya mashine nayo akaikata waya, eti inapiga kelele ovyo.

Mama Joto alimfuata mara mbili. Mimi nilikuwepo mara ya pili.

"Bosi, mayai nikitoka kaunta nayakuta yamepoa."

"Umepima na nini?"

"Na kope."

Meneja alitutazama mmoja mmoja, apate mashahidi. "Kope. Dunia inapima joto kwa mtandao, yeye anapima kwa kope." Akafungua simu, akamwekea grafu yangu mbele ya uso. "Unaona huu mstari? Ameuchora msomi."

Mama Joto aliutazama mstari. Akanitazama mimi.

Mimi nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vyeusi, kama unataka kujua.

Siku ya ishirini na moja ikafika. Mashine ikafunguliwa. Kukawa kimya.

Ulitakiwa kusikia kelele ya vifaranga mpaka barabarani. Vilitoka kumi na sita. Vingine vilikufa ndani. Kimoja kilikuwa kimetoboa ganda tundu dogo kama punje ya mchele, ncha ya mdomo imetokeza, imeishia hapo. Mama Joto alikishika kwenye viganja vyake muda mrefu. Mayai yote yalikuwa ya mteja mmoja, naye alisimama mlangoni na makasha yake matupu.

Kilomita hakupoteza muda. Alichapa grafu yangu kwa rangi, akaibandika kwenye mlango wa mashine.

"Mashine haina kosa, data hiyo hapo. Sasa nauliza, aliyekuwa anageuza mayai ni nani?"

Kikao kikapangwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Mwenye kampuni angekuja mwenyewe, mama mmoja mpole wa kauli tuliyemwita Mama Mwenyewe. Barua ya kumwachisha kazi Mama Joto ilikuwa imeshaandikwa. Niliiona kwenye printa. Ilinitaja: "kama inavyoonekana kwenye grafu ya idara ya data."

Idara ya data ni mimi na kiti changu.

Jumatano Mama Joto akaja mezani kwangu. Nilijiandaa kutukanwa. Ningependa angenitukana.

"Mwanangu," akasema taratibu, "wewe umesoma. Hebu niangalizie kwenye huo mstari wako nilikosea wapi, nisije nikarudia huko niendako."



Kope zake zilikuwa zimemwambia ukweli wiki tatu. Akaziacha, akauamini mstari wangu.

Alipoondoka nikafungua faili la mwanzo. Namshukuru Mungu sikulifuta. Siku moja inatakiwa iwe na vipimo mia mbili themanini na nane. Nilikuwa napata mia mbili sitini na kidogo. Havikupotea hapa na pale. Vilipotea kwa mkupuo, karibu saa mbili mfululizo, na kipimo cha kwanza baada ya hapo kilikuwa thelathini na moja, kinapanda polepole hadi thelathini na saba.

Kilikuwa kipimo safi. Mimi ndiye niliyekiita takataka.

Jumatatu pengo. Jumanne pengo. Hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili hakuna. Wiki moja nzima katikati, hakuna hata moja. Ilikuwa wiki ile meneja alipokwenda semina.

 Nikachukua simu, nikafungua grupu la ofisi, nikaanza kunakili kitu, skrinshoti baada ya skrinshoti.

Alhamisi saa tano tukawa chumba cha mikutano. Mama Mwenyewe, Kilomita, mhasibu, Mama Joto na gauni lake la kanisani, na mimi na kompyuta.

Kilomita akaeleza. Akaeleza tena. Alitumia neno "weledi" mara sita, nilihesabu.

Mama Mwenyewe akaniuliza, "Grafu hii ni yako?"

"Ndiyo, mama. Na si ya kweli."

Sauti ilitoka ndogo hivyohivyo, lakini ilitoka.

Nikaonyesha ya pili, ile yenye mapengo. Nikaeleza nilivyoziba na nilichofuta. Kilomita akaniangalia kama kiti kimeongea. Halafu, mtu huyu, akachangamka.

"Nionyeshe hilo faili." Akavuta kompyuta. Akasoma, akatabasamu. "Haya. Mapengo yanaanza saa nne asubuhi, yanaisha saa sita. Saa hizo anayebaki na mashine peke yake ni nani? Ni huyu mama. Anachomoa mashine achemshe chai yake."

"Sinywi chai kazini," Mama Joto akasema.

"Faili haliongopi, mama."

Mhasibu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kununuliwa.

Hapo nikasimama. Sijui kwa nini, ningeweza kusema nikiwa nimekaa.

"Kipimajoto kinaandika saa za seva, bosi. Seva, kompyuta inayopokea namba zetu, iko mbali. Saa zake ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Grafu ya kwanza nilizirekebisha. Hilo ulilofungua ni faili ghafi."

"Maneno hayo."

"Angalieni saa ya ukutani."

Ukutani ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Nikaonyesha kipimo kilichoingia sekunde hiyohiyo. Faili liliandika saa mbili na dakika ishirini.

Mama Mwenyewe aliangalia ukuta, akaangalia skrini, akaangalia ukuta. "Kwa hiyo saa nne ya faili ni saa saba yetu."

"Ndiyo, mama. Saa saba hadi saa tisa. Mama Joto anakuwa kaunta. Ratiba hiyo hapo, ina sahihi ya meneja."

"Na kwenye mashine anabaki nani?"

 Nikabonyeza kitufe kimoja.

Juu ya mstari wa kijani vikatokea vipande vya bluu, kimoja kila siku ya kazi. Kila cha bluu kilianza palepale pengo lilipoanzia. Wiki ya semina, hakuna bluu, hakuna pengo.

"Hii bluu ni nini, binti?"

"Ni mbio za bosi. Nimezitoa kwenye grupu la ofisi. Alikuwa anaandika mwenyewe saa ya kuanza."

Nilimwona mhasibu akiinua simu yake chini ya meza. Nadhani alikuwa anafuta misuli.

Tukaenda stoo sote. Ukutani kulikuwa na soketi moja, ekstensheni yake imeshaungua upande mmoja, limebaki tundu moja zima, na nyaya mbili. Mmoja wa mashine ya mayai na kipimajoto chake, umepitishwa chini ya mlango kutoka chumba cha mayai. Wa pili wa mashine ya kukimbilia.

"Ulikuwa unachomoa mayai ili ukimbie," Mama Mwenyewe akasema.

"Dakika hamsini tu, mama."

"Pengo ni saa mbili."

"Nakimbia. Halafu naoga. Halafu nakula." Akasita. "Halafu narudi kuchomeka."

Anakula. Yeye pia alikuwa anakula tu.

"Hukufikiri mayai yatapoa?"

Na hapa sijawahi kupasahau. Nilitegemea aongope. Nilimwandalia dharau yangu yote, ya miezi miwili, iko tayari mdomoni. Lakini yule mtu aliinua mkono, akaonyesha, kupitia mlango wa stoo uliokuwa wazi, karatasi iliyobandikwa kwenye mashine ya mayai, na kwa mara ya kwanza sura yake haikuwa na mbwembwe yoyote.

"Mwanzoni nilifikiri, mama. Ndiyo nikawa naangalia grafu kila jioni. Ilikuwa haishuki."

Alikuwa haongopi.

Aliniamuru nizibe mapengo, kisha akafungua simu yake kila jioni kuona kama kuna mapengo. Alipokuta hakuna, akalala usingizi mzuri. Mjinga wa kiwango hicho hahitaji adui, anahitaji msaidizi tu. Msaidizi nilikuwa mimi.

Dharau ikanishuka kooni, ikawa yangu mwenyewe.

Kilomita alihamishiwa kazi ya kupeleka makasha ya vifaranga kwa wateja, halafu akaacha kazi mwenyewe. Aliaga kwenye grupu kwa ujumbe mrefu kuhusu maamuzi yanayoongozwa na data. Mhasibu alikuwa wa kwanza kumjibu. Misuli mitatu. Mtu hubadilika kwa shida.

Mteja alirudishiwa mayai mengine mia nne na kumi. Mama Joto alirudi kwa mashine yake, kutwa nzima, na kengele ikaungwa waya. Nilimwomba msamaha siku hiyohiyo, nikalia bila kusingizia vumbi. Alichofanya ni kuniwekea yai kwenye kope.

"Liko vipi?"

"La moto, mama."

"Basi andika."

Ukurasa upo hadi leo. Mstari wake si mzuri kama ule wa zamani. Umeme ukikatika una pengo, na pembeni ya pengo nimeandika: hapa hatuna kipimo. Wateja hupiga simu kuuliza kulitokea nini, na sisi huenda kuangalia.

Kama kazi yako ni kupanga namba za watu, nakuachia hili moja. Usipojua, acha wazi. Sehemu uliyoiziba ili ipendeze, kuna mtu anaiegemea jioni, na kuna mwingine anaulizwa kwa sababu yake asubuhi.